Jina la Smith na Wahunzi wa Ufipa

Mwalimu wa Chala aandikapo kitabu cha Ubatizo huweza kukuta watoto wawili wenye jina moja la baba, akadhani mara kwamba ni ukoo mmoja. Jambo hili lina uzito: kwa kosa hilo ndoa halali yaweza kuzuiwa, na penye majina mbalimbali ndugu wa damu waweza kufungishwa ndoa. Basi tutazame jina moja la Kiingereza, yaani Smith.

Maana yake ni mhunzi. Katika karne za kati karani wa Uingereza, akitaka kumtofautisha Yohana huyu na Yohana yule, alimwandika kwa kazi yake. Kwa kuwa vijiji vilihitaji mtu wa kufua majembe na kupigilia farasi viatu, wahunzi walikuwa wengi, wala hawakuwa ndugu. Baadaye wana walilirithi jina, hata wale wasioshika nyundo kamwe. Ndivyo lilivyo Schmidt kwa Wajerumani, na Haddad kwa Waarabu.

Tazameni waliolichukua hapa Afrika. Luteni Shergold Smith, mmisionari wa CMS, aliuawa Ukerewe mwezi wa Desemba 1877. Edwin Smith, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, alihubiri kwa Waila, na mwaka 1920 alitoa pamoja na mwenzake kitabu cha desturi zao. Ian Smith, mwaka 1965, aliitangazia Rhodesia uhuru wake ili Wazungu wachache wadumu kutawala. Jina ni moja, njia zao mbalimbali kabisa.

Hata Ufipa ilijaa wahunzi. Tanuru zao za udongo, ziitwazo malungu, zilifika kama futi 10, zikayeyusha mawe ya chuma bila mivukuto. Kisha chuma kilisafishwa katika tanuru ndogo yenye mivukuto. Padre Wyckaert aliandika habari zao mwaka 1914. Lau karani yule wa Kiingereza angalipita huku siku zile, angaliandika “Mhunzi” kijiji kwa kijiji, nasi leo tungaliwahesabu wote kuwa jamaa.

Kwa hiyo, ndugu walimu, msitosheke na jina. Ulizeni ukoo wa baba na wa mama, na kijiji walikotoka babu. Waiteni wazee washuhudie, ndipo mwandike.