Kigawaduara

Jina la Kiingereza la kifaa hiki likifuatwa neno kwa neno, linatoka "meza ya kuzunguka", na msomaji wa Kasongo ataiona meza ya hotelini. Tuanze na kazi yake, kwa mfano wa mashine ya mpunga.

Mpunga ulifika Maniema, mashariki mwa Kongo, na misafara ya Waswahili, wafanyabiashara wa akina Tippu Tip walioifanya Kasongo makao yao na Kabambare kituo chao njiani. Kiswahili kikaja nao. Leo mpunga huo hukobolewa kwa mashine, na ndani ya mashine mna rola ya chuma yenye mbavu kuzunguka mwili wake. Mbavu zikilika, rola ni ya kubadilishwa.

Sasa tuseme fundi ana mashine ndogo ya nyumbani ya kuchonga chuma, inayoongozwa na kompyuta, na anataka kujitengenezea rola fupi ya mbavu 6. Kisu kinashuka kutoka juu tu, lakini rola ina pande zote. Lazima igeuzwe nyuzi 60, isimame kimya, ichongwe, igeuzwe tena. Ndipo kifaa chetu kinapoingia: sahani nzito inayoshika kazi, yaani chuma kinachochongwa, na chini yake skrubu inayosukuma gurudumu, mara nyingi la meno 90. Mpini ukizungushwa mara moja, sahani inageuka nyuzi 4 tu. Kila ubavu ni mizunguko 15. Ukiondoa mpini ukafunga mota ya hatua 200 kwa mzunguko, duara zima linakuwa hatua 18,000, na ubavu mmoja hatua 3,000. Mbavu 7 ndizo zenye shari: 18,000 haigawanyiki kwa 7. Kila pembe ihesabiwe upya kutoka mwanzo, la sivyo makosa madogo yatarundikana kwenye ubavu wa mwisho. Tena skrubu huwa inacheza kidogo, kwa hiyo sahani ifikishwe mahali pake kwa kugeuzwa upande uleule daima.

Kwa nini basi tusiseme "kerezo", neno letu la zamani? Kwa sababu anayekereza huzungusha kazi mfululizo huku patasi imetulia. Hapa kinachozunguka ni kisu, na kazi husubiri. "Meza" nayo imekwisha kuchukuliwa: ndiyo sehemu ya mashine ambayo kifaa hiki hufungwa juu yake, na meza juu ya meza itamchanganya mwanafunzi. Neno la Kifaransa, "plato", Wakongo wengi wangelipokea, ila ni sinia pia, na ni gia ya mbele ya baiskeli. Lakini Wafaransa huliongezea neno la kugawa, na hapo wamepatia, maana kuzunguka ni njia tu. Kazi yenyewe ni kugawa.

Tunacho kipimajoto, tunacho kinasasauti. Kwa kanuni hiyohiyo naandika kigawaduara, vigawaduara. Fundi wa Kasongo au Kabambare mwenye neno fupi zaidi, alilete, nami nitalifuta langu.