UTI isiyopona: Mwanamke apimwe kwanza kabla ya kumeza dawa tena

MAUMIVU wakati wa haja ndogo, kwenda msalani kila mara na uzito chini ya kitovu ni matatizo yanayowasumbua wanawake wengi, wa Mji Mkongwe na wa mashamba ya Unguja vilevile. Wengi wameyapa jina moja tu, UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mwanamke huenda duka la dawa, hununua vidonge, hupata nafuu kwa wiki mbili, kisha maumivu hurejea.

Hali hiyo ikijirudia, swali la kujiuliza si dawa ipi iliyo kali zaidi, bali ni kama maradhi hayo ni UTI kweli. Swali hilo lina uzito wa pekee Unguja, kwa kuwa kisiwa hiki kina maradhi mengine ya zamani yenye dalili zinazofanana nayo, nayo ni kichocho.

Kwa nini wanawake zaidi

Mrija unaotoa mkojo nje ya kibofu cha mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, wakati wa mwanamme hufikia sentimita 20. Mlango wake uko karibu na njia ya haja kubwa, hivyo bakteria hawana safari ndefu. Anayehusika zaidi ni Escherichia coli, ambaye huishi katika utumbo bila ya madhara lakini huleta maradhi anapoingia katika kibofu.

Madaktari huyahesabu maambukizi kuwa ya kujirudia yanapotokea mara mbili ndani ya miezi sita, au mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mambo yanayochangia ni tendo la ndoa, ujauzito, kisukari, mawe katika figo au kibofu na kukoma kwa hedhi, ambako hupunguza homoni zinazolinda sehemu za siri. Kwa hiyo mwanamke anayeugua mara kwa mara asidhaniwe kuwa ni mchafu, wala asituhumiwe yeye au mumewe kuwa si mwaminifu. UTI ya kawaida si maradhi ya zinaa.

Hatari iko pale bakteria wanapopanda hadi kwenye figo. Dalili zake ni homa, kutetemeka kwa baridi, kutapika na maumivu ya ubavu au mgongo. Mgonjwa wa namna hiyo hana budi kufikishwa hospitali siku hiyo hiyo. Mjamzito naye asisubiri, kwani maambukizi yasiyotibiwa huweza kumsababishia uchungu kabla ya wakati, na baadhi ya dawa zinazouzwa madukani hazimfai.

Kipimo kinachosahaulika

Kipimo cha haraka cha mkojo, kwa kijiti au hadubini, huonyesha dalili za maambukizi lakini hakitaji bakteria gani wamo wala dawa ipi itawaua. Kwa mgonjwa ambaye maradhi yake hurudi, kinachohitajika ni kuotesha mkojo katika maabara. Majibu huchukua siku mbili au tatu. Mkojo wa kupimwa ni ule wa katikati, baada ya kuacha wa mwanzo upite, na uchukuliwe kabla ya kuanza dawa.

Anayemeza antibaiotiki bila ya kipimo hicho, au anayeziacha njiani mara tu apatapo nafuu, huwapa bakteria nafasi ya kuzizoea. Mwisho wake, dawa ya bei nafuu iliyotosha mara ya kwanza haisaidii tena, na mgonjwa hulazimika kutafuta za sindano.

Kichocho kinapojificha

Iwapo majibu ya maabara hayaonyeshi bakteria na maumivu yapo palepale, mwanamke wa Unguja aulizwe amekulia wapi. Kichocho cha Zanzibar husababishwa na minyoo wanaoishi katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu na viungo vya uzazi. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, Bulinus globosus, na kupenya ngozi ya mtu anayeoga, anayefua au anayelima mpunga katika maji hayo. Bahari haina konokono huyo, na maji ya bomba hayaambukizi. Mito na mabwawa ya sehemu za kaskazini na kati ya kisiwa ndiyo yaliyojulikana kwa maradhi hayo kwa miaka mingi.

Hivyo mwanamke anayeishi leo Shangani au Malindi anaweza kuwa alipata minyoo hao utotoni, alipokuwa akifua mtoni shamba. Minyoo huishi mwilini kwa miaka kadhaa, na mayai yao yanayonasa katika nyama huendelea kuleta madhara hata baada ya wao kufa.

Wengi wanakijua kichocho kwa damu katika mkojo wa watoto wa skuli. Wachache wanajua kuwa mayai hayo hukwama pia katika mlango wa kizazi na uke, yakaacha vidonda na madoa yanayofanana na chembe za mchanga. Dalili zake ni maumivu ya nyonga, uchafu ukeni, muwasho, na maumivu au damu baada ya tendo la ndoa. Baadhi hupata ugumba au mimba kutunga nje ya kizazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu wanawake wa vijijini Zimbabwe uliwakuta wenye hali hiyo wakiwa na uwezekano wa kuwa na virusi vya UKIMWI karibu mara tatu ya wenzao.

Kwa kuwa dalili hizo hufanana na za zinaa, ndoa nyingine huingia doa kwa tuhuma zisizo na msingi. Mkojo usio na mayai nao hautoshi kumtoa mwanamke wasiwasi, kwani mayai huweza kuwamo katika mlango wa kizazi pekee. Ni lazima daktari au mkunga aliyefunzwa amwangalie kwa macho. Uchunguzi huo husaidia pia kutambua saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nayo huleta damu baada ya tendo la ndoa.

Dawa ya kichocho ni vidonge vya prazikwanteli. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unaruhusu apewe pia mjamzito aliyepita miezi mitatu ya mwanzo, pamoja na anayenyonyesha. Dawa huua minyoo, lakini vidonda vya zamani huweza kubaki. Ndiyo maana msichana atibiwe mapema.

Zanzibar imepiga hatua kubwa. Kati ya mwaka 2012 na 2017, mradi wa kutokomeza kichocho uligawa vidonge mara mbili kwa mwaka katika jamii za Unguja na Pemba, huku baadhi ya shehia zikipewa elimu au kuuliwa konokono. Maradhi yalipungua sana, ila kupungua si kwisha, na mwanamke mwenye makovu ya zamani hahesabiwi katika kupungua huko.

Kibofu chenye maumivu

Wapo pia ambao hawana bakteria wala kichocho. Kibofu chao huuma kinapojaa na kutulia kinapokwisha kutoka mkojo, kwa wiki sita au zaidi. Hii ni hali inayotambulika kitabibu, si mawazo ya mgonjwa. Antibaiotiki haziisaidii. Baadhi hupata nafuu kwa kupunguza kahawa, chai ya rangi, pilipili na ndimu, na kwa mazoezi ya kulegeza misuli ya nyonga chini ya mtaalamu.

Ya kufanya nyumbani

Maji ni kinga ya kwanza. Utafiti uliofanyika Bulgaria kwa wanawake 140 waliokuwa wakinywa maji kidogo, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kuwa walioongeza lita 1.5 kwa siku walipata maambukizi nusu hivi ya wenzao. Anayefunga Ramadhani ayagawe maji yake baina ya futari na daku, na aliye katika dozi amweleze daktari ili saa za dawa zipangwe.

Mwanamke achambe kutoka mbele kwenda nyuma, aende haja ndogo baada ya tendo la ndoa, na asizuie mkojo kwa saa nyingi kazini au sokoni. Sabuni, manukato na dawa za kuosha ndani ya uke ziachwe, kwani huua bakteria walinzi. Aliyekoma hedhi aulize kuhusu krimu ya homoni ya ukeni, ambayo hupunguza maambukizi ya kujirudia.

Zaidi ya yote, anapokwenda hospitali, iwe Mnazi Mmoja mjini au Kivunge kaskazini, amweleze daktari mambo matatu bila ya haya: ameugua mara ngapi kwa mwaka, amemeza dawa gani, na aliwahi kuoga au kufua mto gani utotoni. Jibu la swali la tatu huenda ndilo litakalommalizia maradhi aliyoyatibu bure kwa miaka.