Kambi za Pwani na Bei ya Kuondoka

Barabara ya Mombasa kwenda Malindi ndiyo njia ya kufikia Marafa, bara ya Malindi, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1990 kulikuwa na kambi ya wakimbizi wa Somalia. Utawala wa Siad Barre ulikuwa umeanguka Januari 1991, na kambi nyingine zilifunguliwa upande wa Mombasa, zikiwemo Utange na Jomvu. Wabajuni na Wabarawa, jamii za pwani ya Somalia, waliofika hawakuwa wageni wa lugha wala wa dini. Walikuwa karibu na soko, msikiti na jamaa. Lakini serikali ya Kenya ilitaka wakimbizi wakae katika kambi za Dadaab na Kakuma, mbali na miji, na kufikia mwisho wa muongo huo kambi za Pwani zilikuwa zimefungwa. Historia ya rushwa katika mashirika ya misaada nchini Kenya husimuliwa kuanzia kashfa ya Nairobi ya 2001. Naona mzizi wake uko huku, katika kufungwa kwa kambi hizi.

Mtu aliyenyimwa ruhusa ya kutembea na kufanya kazi alibaki na mlango mmoja tu: kupelekwa kuishi Marekani, Kanada au Australia. Nafasi hizo zilikuwa chache mno, na aliyeshika orodha ya majina alishika riziki ya watu. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa, uliowasilishwa kwa Baraza Kuu baada ya kukamilika mwishoni mwa 2001, ulithibitisha kuwa genge lililojikita kwenye ofisi ya Nairobi ya UNHCR, shirika la wakimbizi, lilikuwa likiwatoza wakimbizi pesa ili majina yao yasonge mbele. Wafanyakazi wa shirika lenyewe walikuwa miongoni mwa waliokamatwa. Aliyekosa pesa alibaki jangwani, hata kama hatari iliyomkabili ilikuwa kubwa kuliko ya aliyelipa. Na hilo ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu nafasi hizo ziliwekwa kwa ajili ya wenye hatari kubwa. Mwaka 2017 uchunguzi mwingine ulifichua rushwa ya aina hiyohiyo Kakuma. Miaka 16 ilikuwa imepita, maofisa wamebadilika, mlango ukabaki mmoja.

Wako watakaosema hao ni wachache waliooza, na kwamba chakula cha mashirika haya kimeokoa maisha ya maelfu. Kuokoa kumeokoa, na wafanyakazi wengi ni waaminifu. Hata hivyo, tabia ya mtu haielezi kilichotokea Uganda mwaka 2018, ambako wakimbizi walisemekana kuwa milioni 1.4, na walipohesabiwa upya wakapatikana takriban milioni 1.1. Ukaguzi wa kazi ya UNHCR huko, wa mwaka huo, ulikuta kandarasi ya barabara ya dola milioni 7.9 imepewa mjenzi asiye na uzoefu wa kujenga barabara. Hesabu zilikuwa zikipelekwa juu, kwa wafadhili wa Ulaya na Marekani. Mkimbizi, ambaye angejua mara moja kwamba jirani aliyeandikwa hayupo, hakuwa na mahali pa kusema akasikilizwa.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba serikali zetu zinaiba kuliko mashirika hayo. Huenda. Lakini serikali hushtakiwa. Wakati serikali ya Kenya ilipotaka kuwahamisha wakimbizi wa mijini kwenda kambini, shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria lilikwenda Mahakama Kuu, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaibatilisha amri hiyo. Wanazuoni Guglielmo Verdirame na Barbara Harrell-Bond walikuwa wameonyesha tangu 2005, katika utafiti wao wa Kenya na Uganda, kwamba UNHCR iliendesha mambo kama dola kambini bila kuwajibika kama dola. Mkataba wa 1946 unaukinga Umoja wa Mataifa na mahakama za nchi. Kinga hiyo ina sababu yake, kwani bila hiyo dikteta yeyote angewafunga wafanyakazi wanaolisha wapinzani wake. Ila kifungu cha 29 cha mkataba huohuo kinautaka Umoja wa Mataifa uweke njia ya kuamua madai ya watu binafsi dhidi yake. Wafanyakazi wake wana baraza lao la kuamua migogoro ya kazi. Mkimbizi wa Kakuma hana lake.