Upinzani dhidi ya kituo cha makaa ya mawe Lamu

Upinzani dhidi ya kituo cha makaa ya mawe Lamu ni harakati ya wakazi wa kaunti ya Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya, waliopinga ujenzi wa kituo cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe. Kituo hicho kilikuwa kimeidhinishwa na serikali mwaka 2016. Tarehe 26 Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta kibali chake, na ujenzi haukuanza.

Mradi

Mwaka 2013 serikali ya Kenya ilitangaza mpango wa kuongeza megawati 5,000 za umeme nchini. Sehemu ya umeme huo ilitarajiwa kutoka Lamu, katika kituo cha takriban megawati 1,050 ambacho kingekuwa cha kwanza cha aina yake nchini. Kazi hiyo ilipewa kampuni ya Amu Power, iliyoanzishwa na Gulf Energy pamoja na Centum. Gharama ilikadiriwa kuwa dola za Marekani bilioni 2 hivi, na benki ya ICBC ya China ilikuwa miongoni mwa wafadhili waliotegemewa.

Eneo lililochaguliwa ni Kwasasi, upande wa bara, umbali wa kilomita 20 hivi kutoka mji wa kale wa Lamu. Mwanzoni makaa yangeletwa kwa meli kutoka nje, hasa Afrika Kusini. Baadaye yangechimbwa katika bonde la Mui, kaunti ya Kitui.

Hoja za pande mbili

Serikali na kampuni zilisema kwamba mradi ungeleta umeme wa uhakika na ajira. Walikuwepo pia wakazi waliouunga mkono, wakitarajia kazi na fidia ya ardhi.

Wapinzani walihofia mambo makuu manne:

* Uvuvi: maji ya kupozea mitambo yangerudishwa baharini yakiwa na joto, na kudhuru samaki, matumbawe na mikoko.
* Afya: moshi wa makaa ya mawe hubeba vumbi laini, gesi ya salfa na zebaki. Majivu yake huwa na metali nzito zinazoweza kuingia katika maji ya visima.
* Urithi: mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. Majengo yake ni ya mawe ya matumbawe na miti ya mikoko, na kuta za aina hiyo zinaweza kuliwa na mvua ya asidi.
* Tabianchi: Kenya hupata umeme wake mwingi kutoka mvuke wa ardhini, maji na upepo, ilhali makaa ya mawe hutoa kaboni nyingi kuliko fueli nyingine zinazotumika sana.

Harakati

Wakazi waliungana chini ya Save Lamu, mwavuli wa vikundi vya kijamii vya wavuvi, wanawake, vijana na wahifadhi. Pamoja na mashirika mengine waliendesha kampeni iliyoitwa deCOALonize. Walifanya mikutano vijijini na maandamano Lamu na Nairobi. Mwezi Desemba 2018 shirika la Human Rights Watch na muungano wa watetezi wa haki za binadamu wa Kenya walitoa ripoti iliyoeleza kwamba wanaharakati wa mazingira wa Lamu walitishwa na kukamatwa na vyombo vya usalama.

Kesi

Mamlaka ya mazingira ya Kenya (NEMA) ilitoa kibali mwezi Septemba 2016. Kabla ya mwaka huo kwisha, Save Lamu na wakazi watano walikata rufaa mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira.

Suala kuu lilikuwa ushirikishwaji wa umma, ambao katiba ya mwaka 2010 inauagiza. Jopo liliona kwamba mikutano iliyofanyika ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu. Ilifanyika kabla ya utafiti wa athari za mazingira kukamilika, hivyo wananchi hawakupata nafasi ya kutosha ya kuyajadili matokeo yake. Jopo liliona pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Kampuni iliambiwa kwamba ikitaka kuendelea ifanye tathmini mpya.

Matokeo

Mwezi Novemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisema haitaufadhili mradi, na mwaka 2020 ICBC nayo ikajitoa. Amu Power ilikata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi, ambayo mwezi Oktoba 2025 iliitupa rufaa hiyo na kuthibitisha uamuzi wa jopo.

Kesi hii hutajwa mara kwa mara katika sheria ya mazingira ya Kenya. Uamuzi wake haukukataza makaa ya mawe moja kwa moja. Ulisisitiza kwamba kibali kilichotolewa bila wananchi kupewa taarifa kamili na kusikilizwa kinaweza kufutwa.

Tazama pia

* Lamu
* Bandari ya Lamu
* Urithi wa Dunia
* Mabadiliko ya tabianchi