Wawili Chomboni: Safari ya Kutafuta Fedha

Neno fedha katika Kiswahili lina mizigo miwili. Ni pesa, na pia ni yale madini yanayotengenezewa medali ya mshindi wa pili. Historia ninayoileta leo inahitaji maana zote mbili. Inawahusu Waingereza wanne waliosafiri wawili wawili, wakihangaikia fedha ya kwanza ili waifikie ya pili. Hadi mwisho wa safari walikuwa wamebaki wawili.

Tuanze na pesa, maana bila pesa chombo hakitoki bandarini. Mashindano ya matanga yamo kwenye Olimpiki tangu 1900, na kwa miongo mingi yalikuwa mchezo wa wenye nacho. Olav, mwana wa mfalme wa Norway, alishinda dhahabu ya matanga mwaka 1928, na Constantine wa Ugiriki akashinda yake mwaka 1960. Wote wawili baadaye wakawa wafalme. Sheria ya wakati huo ilisema mwanamichezo wa Olimpiki awe wa ridhaa, asile kwa mchezo wake. Avery Brundage, aliyeiongoza Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuanzia 1952 hadi 1972, aliilinda sheria hiyo kama mboni ya jicho. Ukiisikia hivi hivi ni sheria nzuri, yaani tucheze kwa mapenzi. Lakini nani anaweza kucheza kwa mapenzi miaka minne mfululizo bila mshahara? Ni yule ambaye baba yake ana mashamba. Sheria iliyodai kulinda usafi wa mchezo ililinda pia mlango usifunguliwe kwa wengine.

Kufikia miaka ya tisini sheria ilikuwa imelegea, ila pesa haikuwa imefika. Ndipo tunapokutana na John Merricks na Ian Walker.

Merricks alitoka Leicester, mji uliopo katikati ya Uingereza, mbali na bahari. Wasomaji wa Afrika Mashariki huenda wanaujua kwa sababu nyingine: ni mji uliopokea maelfu ya Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin kutoka Uganda mwaka 1972. Matanga aliyajulia zaidi kwenye Rutland Water, ambalo ni bwawa la kuhifadhia maji ya watu wa bara. Walker, mrefu na mwenye mikono mirefu, akawa mwenzake katika mashua ya aina ya 470, iliyopewa jina hilo kwa sababu urefu wake ni mita 4.70.

Mashua hiyo ni kali. Mmoja anakaa nyuma, anashika usukani na tanga kubwa. Mwingine anajifunga kwenye waya unaotoka mlingotini, anaweka nyayo ukingoni na kujinyoosha nje juu ya maji, mgongo karibu uguse mawimbi, ili uzito wake uzuie chombo kisilale. Waliowahi kutazama mashindano ya mashua kule Lamu, wakaona vijana wamejipanga juu ya ubao uliotokezwa upande wa upepo, wameshaelewa kanuni yenyewe. Tofauti ni kwamba katika 470 hakuna kundi la vijana. Ni wewe na mwenzio, basi. Upepo ukigeuka, hamna muda wa kuambiana. Mwili wa mmoja lazima ujue mkono wa mwingine unataka nini. Merricks alishika usukani, Walker akaning'inia kwenye waya.

Ujuzi wa namna hiyo haununuliki, lakini kuupata kuna gharama. Mashua huchoka, tanga hupoteza umbo. Kila mwaka kuna mzunguko wa mashindano ya Ulaya: Palma kule Hispania, Hyères kule Ufaransa, Kiel kule Ujerumani. Usipokwenda huwezi kujipima na walio bora duniani. Ukienda kuna nauli, kivuko, mafuta ya gari, malazi na chakula. Baharia wa kizazi hicho aliishi maisha mawili: nusu mwanamichezo, nusu mwombaji wa barua za heshima. Alimwandikia mwenye kampuni, akazungumza kwenye chakula cha jioni cha klabu, akahesabu kilichobaki kama kitamfikisha mashindano yanayofuata. Sisi tunaoijua michango, kadi za harusi na harambee, hatuhitaji kuelezwa. Anayekuchangia hakupi pesa tu, anakupa na deni la kumtazama usoni ukirudi mikono mitupu.

Mwaka 1996 Merricks na Walker walirudi na kitu. Kwenye maji ya Savannah, jimbo la Georgia, mbali na kelele za Atlanta, walichukua medali ya fedha nyuma ya Waukraine. Hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu Uingereza ilikuwa imeaibika. Timu nzima ya taifa ilipata dhahabu moja tu, ya wapiga makasia Steve Redgrave na Matthew Pinsent, nao pia wawili katika chombo kimoja. Nchi ikashika nafasi ya 36.

Aibu hiyo ikazaa sera. Bahati nasibu ya taifa ilikuwa imeanzishwa Novemba 1994, na kuanzia 1997 sehemu ya mapato yake ikaanza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja wajikimu na kufanya mazoezi. Fikirieni kilichotokea hapo. Mchezo wa wana wa wafalme sasa ulilipiwa na mama aliyenunua tiketi ya pauni moja dukani Jumamosi, akitumaini kulipa kodi ya nyumba. Hakushinda, lakini peni kadhaa za pauni yake zikawa kamba, tanga na mshahara wa kocha. Wako wanaosema huu ni ushuru wa maskini kwa starehe ya matajiri, na hoja yao ina uzito. Mimi naona upande wa pili pia: mtoto wa Leicester asiye na mashamba sasa aliweza kuota ndoto ileile kama mwana wa mfalme. Deni tu ndilo lilihama. Zamani alidaiwa na baba yake, sasa anadaiwa na taifa zima la watu asiowajua.

Merricks hakuishi kuona mavuno hayo. Oktoba 1997 alifariki katika ajali ya gari nchini Italia, alikokwenda kwa ajili ya mashindano. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Wakati huo kulikuwa na jozi nyingine ikijiandaa kwa Sydney 2000, ya Glyn Charles na Mark Covell. Hawa walikuwa kwenye Star, mashua ya kale iliyochorwa mwaka 1910, nzito, yenye tanga kubwa kupita kiasi na nyota kama alama yake. Desemba 1998 Charles alikuwa Australia, akaingia katika Sword of Orion kwa mbio za kutoka Sydney hadi Hobart. Dhoruba ikawakuta njiani. Chombo kilibingirishwa na wimbi, Charles akarushwa baharini, na hakuonekana tena. Zilianza mashua 115, zikamaliza 44, na watu sita walikufa.

Sasa wako wawili waliobaki, kila mmoja na nafasi tupu ubavuni. Walker akamchukua Covell, au Covell akamchukua Walker, vyovyote utakavyosema. Wakaingia kwenye Star. Walker, aliyekuwa mtu wa kwenye waya, sasa alishika usukani, mahali pa Merricks na mahali pa Charles kwa pamoja. Covell akabaki kazini kwake, kulala nje ya ubavu wa mashua mwili mzima huku miguu tu ikimshika. Ilibidi ajifunze mkono mpya.

Wahenga wa pwani walionya: usisafirie nyota ya mwenzio. Na kwa kweli ni onyo la haki, kila mtu na bahati yake. Lakini hawa wawili walisafiria nyota za wenzao kwa jina na kwa maana. Septemba 2000 walishindana Sydney, mji uleule ambao Charles aliuaga kwa tanga miezi 21 kabla. Walimaliza wa pili, nyuma ya Wamarekani Mark Reynolds na Magnus Liljedahl, mbele ya Wabrazili Torben Grael na Marcelo Ferreira. Mabaharia wa Uingereza walirudi na dhahabu tatu na fedha mbili, na moja ya zile fedha mbili ilikuwa yao.

Miaka iliyofuata Walker akaongoza Azzam, chombo cha Abu Dhabi, na kushinda mbio za kuzunguka dunia za 2014–15, akiwa na Adil Khalid wa Emirati miongoni mwa mabaharia wake. Azzam ni jina la Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa azma na azimio.

Lakini ninapoipima historia hii, macho yangu hayaendi kwenye kombe hilo. Yanakwenda kwenye mfuko ulioanzishwa kwa jina la John Merricks kuwasaidia vijana wanaotaka kusafiri kwa matanga na hawana uwezo. Kijana anapokea msaada, ananunua tanga au analipia nauli ya mashindano, anaingia majini na mwenzake. Huenda hatashinda chochote. Fedha ya Sydney ni moja na imekwisha kugawiwa. Ile nyingine, ya kuchangiana, bado inazunguka.