Waungwana, Wangwana, Kingwana: Historia ya Jina la Wanafunzi wa Lugha Moja

Utangulizi

Watu wa lugha mbalimbali wanapojifunza pamoja lugha moja ya kuwasiliana, suala la jina hujitokeza mapema. Kabila la mmoja haliwezi kuwa jina la wote, na lugha inayofunzwa mara nyingi ni mali ya wengine. Mashariki mwa Kongo suala hilo lilizuka katika nusu ya pili ya karne ya 19, na jawabu lake lilikuwa neno moja la pwani: waungwana. Makala haya yanalifuatilia neno hilo tangu lilipovuka Ziwa Tanganyika hadi lilipogeuzwa kuwa jina la lahaja, ili kuonyesha ni nani waliolichagua, kwa faida gani, na jinsi lilivyowatoka mikononi.

1. Dai kabla ya sifa

Katika miji ya pwani, mwungwana alikuwa mtu huru, mzaliwa wa mji, mwenye nasaba na adabu. Kinyume chake yalikuwapo maneno mawili: mtumwa, aliyekuwa chini ya bwana, na mshenzi, mtu wa bara aliyedhaniwa hajui mji wala dini. Neno Mswahili lenyewe, linalotokana na Kiarabu sawahil, wingi wa sahil, yaani pwani, wenyeji wengi hawakulipendelea. Walijitaja kwa miji yao, kama Waamu au Wamvita, na kwa uungwana wao.

Misafara ya biashara ililitoa neno hilo mjini. Miongoni mwa wapagazi na askari waliotoka Unguja, wengi walikuwa watumwa waliokodishwa, ambao sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Wengi pia walikuwa wazaliwa wa bara. Hata hivyo, walipoipa pwani kisogo walijiita waungwana, na Stanley aliyesafiri nao kati ya 1874 na 1877 aliwaita Wangwana katika kitabu chake cha mwaka 1878. Pwani dai hilo lingechekwa. Bara hapakuwa na kadhi wala mzee wa mtaa wa kulikanusha. Kwa hiyo, tangu mwanzo wa safari yake kuelekea Kongo, jina hili lilikuwa dai kabla ya kuwa sifa.

2. Maniema: jina lililo wazi kwa wote

Livingstone alifika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, mwaka 1871, na Stanley mwaka 1876. Wakati huo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kujijenga huko, na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, alikuwa akipanua utawala wake uliokuwa na kituo Kasongo. Vijana wa Wakusu, Wasongye, Walega na makabila mengine waliingia katika utumishi wa wafanyabiashara hao: baadhi kwa kutekwa, baadhi kwa kutolewa na wakubwa wao, baadhi kwa kutafuta maslahi. Walijifunza Kiswahili, wakavaa kanzu, wakapewa majina ya Kiislamu, wakabeba bunduki. Nao pia wakawa Wangwana.

Sarufi inaeleza sehemu ya mafanikio ya jina hilo. Kwa Kiswahili cha pwani, kiungwana ni namna ya kutenda: mtu husema kiungwana, hula kiungwana, humpokea mgeni kiungwana. Lakini kiambishi ki- ndicho pia kinachounda majina ya lugha. Huko Lualaba, kiungwana ikafupishwa kuwa Kingwana, na namna ya kutenda ikawa namna ya kusema. Aliyejua lugha alihesabiwa kuwa na mwenendo, na mwenye mwenendo alihesabiwa katika kundi. Jina lisilodai ukoo liliweza kupokea watu wa koo zote.

Lilikuwa na gharama yake. Mwungwana mpya alihitaji mshenzi mpya, na mara nyingi mshenzi huyo alikuwa ndugu yake wa kijiji cha jirani. Tarehe 15 Julai 1871 Livingstone alishuhudia mauaji ya watu wengi sokoni Nyangwe, yaliyofanywa na watu wa wafanyabiashara. Historia ya jina haiwezi kutenganishwa na historia ya bunduki iliyolitangulia.

3. Jina mikononi mwa Wabelgiji

Mwaka 1887 Leopold II alimteua Tippu Tip kuwa gavana wa Stanley Falls, lakini vita vya 1892 hadi 1894 vilivunja utawala wa wafanyabiashara. Nyangwe na Kasongo zilitekwa mwaka 1893. Waliokuwa Wangwana wakaitwa na watawala arabisés, yaani watu waliofanywa Waarabu. Jina hilo la nje lilibatilisha lile la ndani: aliyejidai kuwa huru sasa alielezwa kama kivuli cha mtu mwingine.

Jina Kingwana, kwa upande wake, lilibaki katika vitabu. Mwaka 1928 John Whitehead na L. F. Whitehead walichapisha huko Wayika, Lualaba, kitabu Manuel de Kingwana, ambacho jina lake linaendelea kuiita lugha hiyo lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Mwaka huohuo mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Tangu hapo Kingwana kikapimwa kwa kipimo kilichowekwa mbali na wasemaji wake, na jina la heshima likaelekea kuwa jina la upungufu.

4. Katanga: lugha bila jina la kundi

Katika Katanga mambo yalikwenda vingine. Kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906 na mji wa Elisabethville mwaka 1910. Wafanyakazi walitoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini na Ruanda-Urundi. Hawa walikuwa kundi jipya la wanafunzi wa lugha, lakini hawakurithi jina la Maniema. Lugha waliiita Kiswahili. Wenyewe hawakujiita Waswahili. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili hicho historia ya mji wao kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, nayo ilichapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Kundi hilo lilijitambulisha kwa kazi na mji, bila kuhitaji jina litokanalo na lugha.

Hitimisho

Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Jina Kingwana halimo. Hata hivyo mwalimu anayekiita Kiswahili cha Lubumbashi Kingwana anachanganya historia mbili, na anayelitumia neno hilo kwa dharau anasahau lilikotoka. Lilichukuliwa na watu walionyimwa uungwana, nao wakalishika kwa kujifunza lugha. Kumwambia mwanafunzi kwamba lugha yake ni Kiswahili kilichoharibika ni kumrudisha mahali ambapo Wangwana wa kwanza walikataa kubaki.