Historia Fupi ya Neno "Kisomo" na Haja Yake Katika Zama za Dijiti

Utangulizi

Katika kazi ya kusanifu istilahi hujitokeza mara kwa mara swali moja ambalo bado halijapata jibu la kuridhisha. Ule ujuzi anaouhitaji mtu ili aweze kusoma, kuandika na kuendesha shughuli zake kwa simu ya mkononi na kompyuta, tuuiteje kwa Kiswahili? Wako wasemao "ujuzi wa kidijiti", wako wapendeleao "elimu ya TEHAMA", na wako walitumialo neno "usomi". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba lugha yetu inalo neno ambalo limekwisha kuifanya kazi ya namna hii zaidi ya mara moja. Neno lenyewe ni "kisomo". Ili hoja ieleweke, yafaa kwanza tuipitie historia yake.

Kusoma kabla ya herufi za Kirumi

Kitenzi "kusoma" hakikuanza na shule za serikali. Katika mwambao wa Afrika ya Mashariki mtoto alipelekwa chuoni kwa mwalimu, na kusoma maana yake ya kwanza ilikuwa kusoma Kurani. Hata leo husikika watu wakialikwa kwenye kisomo, yaani mkusanyiko wa kusoma dua. Lakini waliotoka chuoni hawakuishia katika ibada. Kwa herufi zile zile za Kiarabu waliandika tenzi, mikataba, hesabu za biashara na barua za kawaida za Kiswahili. Zipo barua za kutoka Kilwa, za kuanzia mwaka 1711, ambazo zimehifadhiwa hadi leo huko Goa. Huko Buganda nako, mwishoni mwa karne ya 19, waumini wapya wa dini walijulikana kwa jina lenye maana ya "wasomaji". Kusoma kulikuwa ni kuingia katika jamii mpya.

Utawala wa kikoloni ulileta kipimo kingine. Shule za serikali ya Wajerumani na zile za misheni zilifundisha kwa herufi za Kirumi, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika ya Mashariki ilisanifu Kiswahili kwa tahajia ya herufi hizo. Faida za usanifishaji huo ni nyingi na hapana haja ya kuzibishia. Hata hivyo, tusisahau gharama yake. Mzee aliyeweza kuandika waraka safi kwa khati ya Kiarabu alihesabiwa katika ofisi ya bwana wilaya kuwa ni mtu asiyejua kusoma wala kuandika. Ujuzi wake ulikuwa pale pale. Kilichobadilika ni chombo kilichokubaliwa. Hilo ndilo fundisho la kwanza la historia hii.

Kisomo chenye manufaa

Baada ya Uhuru, neno letu lilipata maana yake iliyo kubwa kupita zote. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba yapata theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania Bara hawakujua kusoma na kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971 chama cha TANU kiliazimia kuufuta ujinga huo ifikapo mwisho wa mwaka 1975.

Wakati huo ulimwengu nao ulikuwa umeanza kulitazama upya jambo lenyewe. Mkutano wa mawaziri wa elimu uliofanyika Tehran mwaka 1965 chini ya UNESCO ulisisitiza kwamba kusoma kuunganishwe na kazi na maisha. Hapa kwetu majaribio ya mkabala huo yalianza mwaka 1968 katika mikoa ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza. Vitabu vya kwanza havikuanza na silabi tupu. Vilihusu pamba, migomba, ng'ombe, uvuvi na malezi ya nyumbani. Istilahi iliyotumika kwa elimu hiyo ilikuwa "kisomo chenye manufaa". Msomaji aitazame vizuri. Wanaistilahi hawakukopa neno wala hawakulifasiri la kigeni neno kwa neno. Walilichukua neno lililokuwa chuoni na kanisani wakaliongezea sifa iliyoonyesha shabaha.

Si istilahi zote za kipindi hicho zilizokuwa na bahati hiyo. Kutojua kusoma kuliitwa "ujinga", kana kwamba mkulima ajuaye majira ya mvua na dawa za mifugo hajui kitu. Madarasa yenyewe mitaani yaliitwa "ngumbaru", na wako watu wazima walioona haya kuonekana na daftari kwa sababu ya jina hilo. Istilahi mbaya huweza kumfungia mtu mlango.

Kilichokuwa bora kuliko jina kilikuwa kipimo. Katika upimaji wa taifa wa Agosti 1975 wanakisomo walipangwa katika hatua nne. Aliyefikia hatua ya nne hakuwa mtu wa kutambua herufi tu, bali aliyeweza kuandika ujumbe, kusoma gazeti, kufuata maelekezo yaliyoandikwa na kuweka hesabu za mapato na matumizi. Kampeni za redio, kama "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, ziliwaweka watu katika vikundi vya kusoma, kujadili na kisha kutenda, hata vyoo vikachimbwa vijijini. Idadi ya wasiojua kusoma na kuandika ilishuka hadi asilimia 39 mwaka 1975, na hadi asilimia 10 hivi mwaka 1986. Baadaye juhudi zilipopungua, idadi ilipanda tena. Sensa ya mwaka 2012 ilikuta yapata mtu mmoja katika kila watano hajui. Kisomo kisipotunzwa huvuja.

Chombo kimebadilika tena

Bibi yangu alifuzu hatua ya nne na cheti chake amekihifadhi. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na siku hizi fedha anazotumiwa na wanawe humfikia kwa simu. Kusoma anajua. Lakini siku moja nilimkuta akimtajia kijana wa dukani namba yake ya siri mbele ya watu, ili amtolee hela. Mwezi ule ule alipokea ujumbe kutoka namba asiyoijua: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Aliusoma wote bila kukwama, akatuma.

Ikiwa mtu kama huyu amesoma kila neno na bado amepoteza akiba yake, basi tatizo haliko katika herufi. Amekosa hatua ambayo mwaka 1975 haikuwako: kuuliza ni nani aliyeandika, kwa nini, na nitahakikisha vipi. Kama yule mzee wa khati ya Kiarabu, ujuzi wake hakuupoteza. Umepitwa na chombo.

Neno la kulieleza pengo hili tunalo pia. Matangazo ya televisheni ya analojia yalipoanza kuzimwa Tanzania tarehe 31 Desemba 2012, wananchi walitakiwa kununua chombo cha kupokelea mawimbi ya dijiti, nacho kikaitwa "king'amuzi". Jina hilo lilienea upesi kwa kuwa kila mtu alijua kung'amua ni nini. Ajabu ni kwamba sifa hiyo tumekipa chombo, lakini bado hatujaifundisha kwa mtumiaji.

Pendekezo

Tunapendekeza, basi, istilahi "kisomo cha kidijiti". "Ujuzi" pekee humfanya mtu afikirie ufundi wa kubonyeza vitufe. "Usomi" hutukumbusha Chuo Kikuu na huwatenga walio wengi. "Elimu ya TEHAMA" ni jina la somo la darasani. "Kisomo" ni cha watu wote, na kimekwisha kuzoeleka kupimwa kwa matumizi. Hatua zake nazo zaweza kufuata mfano wa mwaka 1975: kutambua alama na maelekezo ya chombo, kutuma na kupokea ujumbe, kutafuta habari na kutunza siri, na ya nne, kung'amua lililo kweli na lililo hila.

Watafsiri wa fomu na maelekezo ya serikali wanaombwa walijaribu neno hili, na walimu watuletee maoni yao. Tuchague jina ambalo mtu mzima hataona haya kulibeba, kisha tuhakikishe kwamba cheti kitakachotolewa kwa jina hilo kinamlinda aliyekipata.